Masale ya Korongoni

Ukifika Nsaruni, kijiji cha mteremkoni mwa Kilimanjaro, juu ya Kwa Sadala, ukaulizia nyumba ya Elinipendo, watu watakukodolea macho kwanza. Sema Mama Mbega, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli, maana watu wa Nsaruni kwa kubandika majina hawajambo, na yeye akalibeba miaka mingi bila kinyongo. Siku hizi halitaki. Ukimwita hivyo anajifanya hasikii, anaendelea kumkatia ng'ombe majani.

Ni mama wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mkaidi, Mlutheri wa benchi la pili kutoka mbele, na kwa kupika mtori wa ndizi sijaona wa kumshinda. Mumewe, Efraimu, alianza kama mpagazi mlimani, akapanda akawa mwongoza wageni, kisha mapafu yakamchosha, akafa mwaka ambao kahawa ilichanua vizuri kuliko miaka yote. Walijaliwa mabinti wawili, wameolewa mbali, na kitinda mimba, Isack. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi kihamba cha baba, yaani nyumba na migomba na kahawa inayoizunguka, pamoja na makaburi ya waliotangulia. Kwa hiyo tangu Efraimu azikwe, Elinipendo anaishi kwenye ardhi ya mwanawe. Hilo likumbuke, maana mengine yote yametokana nalo.

Chini ya kihamba hicho kuna korongo. Lina eka nne hivi, limesimama wima kiasi kwamba hata mbuzi huteremka kwa tahadhari, na ndiyo sababu hakuna mtu aliyewahi kulilima. Ilikuwa ardhi ya kijiji. Humo ilimea miringaringa, miruka na misesewe, mingine mikubwa hata watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi, na kijito kilipita katikati yake mwaka mzima. Miti hiyo ilipanda na korongo bila kukatika mpaka ikaungana na msitu wa juu. Kwa njia hiyo mbega walishuka kutoka mlimani wakawa majirani zetu.

Kama hujawahi kumwona mbega, ni nyani wa kistaarabu. Ni mweusi, ana joho jeupe mabegani na mkia mweupe wenye kishada, na mtoto wake huzaliwa mweupe pee. Hali ndizi zako wala haingii jikoni kama tumbili. Anakula majani yake huko juu na kukutazama kama mzee wa kanisa anayemtazama mtu aliyechelewa ibada. Wa Korongoni walikuwa kumi na mmoja. Elinipendo aliwahesabu kila asubuhi akienda kukata majani, na akipata kumi alishinda na wasiwasi siku nzima.

Zamani walikuwa zaidi. Halafu wakaja wapasua mbao, wakachukua mringaringa mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Wapikaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi, nao wakawa wanabambua misesewe magome ya kuitia uchungu, mpaka mti unakauka umesimama. Kiangazi kimoja kijito kikabaki matope. Elinipendo akavaa kitenge chake cha kanisani, akapita nyumba kwa nyumba, akakusanya watu kumi na wanne. Wa kwanza alikuwa Winfrida, jirani yake na shoga yake tangu darasa la kipaimara. Wakaenda mkutano wa kijiji, wakasema mpaka sauti zikakauka, na mkutano ukaamua: Korongoni pasiguswe, miti ni ya kijiji, na mnyama aliyemo asisumbuliwe.

Kutoka wilayani akaja afisa misitu, binti aitwaye Justina, mzaliwa wa Tabora. Akawaambia mambo matatu: pimeni eneo, wekeni vigingi vya zege, na muhtasari wa mkutano uletwe wilayani usajiliwe.

Elinipendo akacheka. "Mwanangu, zege wataling'oa wakajengee banda la nguruwe. Sisi tutapanda masale. Sale hakuna Mchagga atakayeling'oa."

Sale ni mmea tu, mrefu kama mtu, wenye majani membamba yaliyochongoka. Mgeni anaweza kulipita akadhani ni ua la bustani. Kwetu linapandwa mpakani na linapandwa kaburini. Na mtu aliyekukosea akikuletea sale mkononi kuomba radhi, huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama amekuulia ndugu. Kuling'oa sale la mpaka ni jambo ambalo hata mlevi wa mbege hajaribu.

Justina akauliza, kwa upole wa mtu aliye ugenini, "Mama, sale likisimama mpakani linamwambia mpita njia nini?"

"Kwamba hapo pana mwenyewe."

"Na mwenyewe wa hapa ni nani?"

"Ni sisi sote."

"Sale linaweza kusema hivyo? Sisi sote?"

Watu wakaangua kicheko, Elinipendo kuliko wote. Binti wa Tabora anatufundisha masale! Alipoondoka bado walikuwa wanamwigiza namna alivyouliza. Mimi nilikuwepo, na nilicheka pia, kwa hiyo simlaumu mtu.

Kazi ya kupanda akaifanya Elinipendo mwenyewe. Machipukizi aliyakata kwenye mpaka wa kihamba chake, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na yalikuwa na afya. Akaanzia pale mstari wa masale ya nyumbani ulipoishia, akateremka nao, akalizunguka korongo lote, akapanda upande wa pili. Yalikuwa masale arobaini na sita. Alipomaliza, mikono ilikuwa imechubuka na moyo umetulia. Muhtasari wa mkutano ulibaki kwenye ofisi ya kijiji ukisubiri mtu wa kuupeleka wilayani, na hakuna aliyeupeleka. Tuhangaike na makaratasi ya nini, na masale yapo?

Desemba ile Isack akarudi likizo kutoka shule ya bweni. Akakuta mstari mpya wa masale umeungana na wa nyumbani, akamuuliza baba yake ni ya nini. Efraimu alikuwa mtu wa utani hata akiwa na homa. Akamjibu, "Mama yako ametuongezea shamba. Ukikua utakuwa tajiri." Wakacheka wote watatu pale jikoni, kiburu cha ndizi na maharage kikichemka. Elinipendo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Baada ya hapo ikaja miaka mizuri, na miaka mizuri haina mengi ya kusimulia. Masale yalikua, wapasua mbao wakawa wanazunguka mbali, kijito kikarudi. Wanakikundi walipanda miche mahali palipokuwa wazi na kuimwagilia kwa ndoo kiangazi. Mbega walizaa. Kila mtoto mweupe alipoonekana, Elinipendo alitangaza nje ya kanisa baada ya ibada, na ndipo lile jina likamganda. Efraimu akafa. Katika kikundi wakafa wengine wanne, wawili wakahamia kwa watoto wao mjini, na ofisi ya kijiji ikabadilisha viongozi mara mbili. Muhtasari ulienda wapi, hakuna ajuaye.

Isack alimaliza masomo, akapata kazi Moshi mjini kwenye kampuni ya kupeleka wageni mlimani. Si mtoto mbaya. Kila akija alileta sukari na mkate, na alimwezekea mama yake nyumba upya bila kuombwa. Mwaka juzi akaja na mtu kutoka Arusha, mwenye miwani myeusi na viatu visivyofaa kwa matope yetu. Wakasimama ukingoni mwa korongo wakinyoosheana vidole. Jioni yake Isack akamwambia mama yake kwamba yule bwana anataka kujenga nyumba za wageni pale chini, na kwamba yeye amekubali kumwachia eneo.

"Eneo gani?" akauliza Elinipendo.

"Korongoni kwetu."

"Isack, Korongoni si kwetu. Ni kwa kijiji."

"Mama, nimekua naona masale yetu yanazunguka pale. Na baba aliniambia kwa mdomo wake kwamba ulituongezea shamba. Wewe ulikuwepo. Ulicheka."

Elinipendo alitaka kusema ulikuwa utani. Alisema. Lakini alimtazama mwanawe machoni akaona kwamba hakuwa anadanganya. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa amelala bwenini akijua nyumbani kuna shamba linamsubiri. Hapo ndipo baridi ilipomwingia mifupani, na haijamtoka mpaka leo.

Alimpinga. Alikwenda kijijini kumpinga mwanawe wa kumzaa, kwenye ardhi ambayo yeye mwenyewe anakaa kwa hisani ya huyohuyo mwana. Wengine walimwona shujaa, wengine walisema uzee unamchezea. Wazee wakaamua waende mpakani wakaone kwa macho. Tukateremka kundi zima, kukiwa na manyunyu, mbele yetu Mzee Aikaeli, kaka wa marehemu Efraimu na mkubwa wa ukoo. Huyu mzee ana sauti ya taratibu, na sijawahi kumsikia akisema neno asilolipima.

Winfrida alipaza sauti kwanza. "Hii ni ya kijiji! Tulikubaliana mkutanoni!"

"Karatasi iko wapi, mama?" akauliza mwenyekiti mpya.

Winfrida akamgeukia Elinipendo.

Mzee Aikaeli akashika jani la sale, akalipitisha kati ya vidole. "Shemeji, masale haya alipanda nani?"

"Shikamoo, mzee. Nilipanda mimi."

"Marahaba. Machipukizi uliyatoa wapi?"

"Mpakani kwangu."

"Ukayaanzia wapi?"

"Yalipoishia ya nyumbani."

"Ulikuwa mke wa Efraimu wakati huo, mwenye kihamba?"

"Ndiyo. Lakini nilipanda kwa niaba ya kijiji. Kila mtu hapa anajua."

Mzee akaliachia lile jani. Nina hakika aliumia, maana alimpenda shemeji yake. "Shemeji, mimi nina miaka themanini na moja. Tangu lini kijiji kikapandiwa sale? Sale ni la mtu na la ukoo. Miaka kumi na miwili limesimama hapa, na hakuna aliyekuja kusema limekosea. Mimi naweza kukataa maneno ya Isack. Nitakataaje sale?"

Akageuka kuwatazama wenzake. Waliinamisha vichwa. Hakuna aliyehongwa siku ile, na ingekuwa afadhali kama wangehongwa, angalau tungekuwa na wa kumtukana. Waliamua kama baba zao wangeamua. Korongoni ikawa sehemu ya kihamba cha Isack, na ushahidi wenyewe ulikuwa mikono ya mama yake.

Usajili wilayani ungetuokoa. Justina alikuwa amehamishwa siku nyingi. Elinipendo alimtafuta kwa simu, akampata, akamweleza yote. Binti wa watu hakusema nilikuambieni. Alisema tu, "Pole, mama yangu." Elinipendo alinisimulia kwamba hiyo pole ilimuuma kuliko tusi.

Chenso, ile misumeno ya mashine, zilianza Februari zikafanya kazi siku tisa. Elinipendo alimfuata Isack pale ukingoni akamwomba aache angalau miti ya kando ya kijito.

"Mama, mgeni anatoka Ulaya aje alale auone mlima," Isack akamjibu, akiwa amechoka kubishana. "Hii miti ndiyo inaziba mlima."

Siku ya tatu mbega walikuwa wamebanana kwenye miruka miwili. Siku ya saba walikuwa kwenye mmoja, wote kumi na mmoja, na katikati yao mtoto mweupe wa majuma mawili. Hawakulia. Mbega asubuhi hunguruma mpaka bonde linatetemeka, lakini siku zile hawakutoa sauti, nasi tukawa tunaamshwa na mashine. Njia yao ya kurudi msituni ilikuwa imekatika kwa juu, na mbega chini hatembei vizuri, mbwa wanamjua. Siku ya nane mruka ule ulipoanza kuyumba, wakaruka kuelekea barabarani. Kilichokuwa karibu nao ni nyaya za umeme.

Elinipendo aliwakuta watatu chini ya nguzo. Mmoja alikuwa jike, na wa tatu alikuwa yule mtoto, bado amemshika kifuani. Aliwazika mwenyewe, nyuma ya banda la ng'ombe, na aliyemkuta akichimba alipitiliza bila kumsalimu. Wanane waliobaki hatujui walikokwenda. Watu wa kijiji cha pili wanasema waliwaona wawili, kisha wakasema hapana, walikuwa tumbili.

Tangu siku hiyo alimwitikia Isack salamu na basi. Sukari aliipokea akaiweka kabatini haikuguswa. Isack akija, mama alipika, akapakua, akatoka akaenda kukaa bandani na ng'ombe mpaka gari liondoke. Kijito kilikauka Agosti. Nyumba za wageni zilifika kwenye msingi zikasimama, yule bwana wa Arusha ana mambo mengi, na mvua za vuli zikaanza kuuporomosha udongo wa korongo kuelekea bondeni.

Mkewe Isack akajifungua binti, wakamwita Evelyn, na ubatizo ukapangwa siku ya Krismasi nyumbani Nsaruni, kama ilivyo kwa sisi wote, maana Mchagga hata awe Mwanza, Krismasi atapanda mlima. Isack akaona aibu ya kumbatiza mtoto na bibi yake haongei. Akaenda kwa Mzee Aikaeli.

Walikuja alasiri, siku mbili kabla ya sikukuu. Mzee alitangulia na mkongojo. Isack alikuja nyuma yake, kichwa chini, ameshika sale kwa mikono miwili, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Elinipendo alikuwa anamenya ndizi. Alipoliona akaacha kisu.

"Mama," Isack akasema, akipiga magoti. "Mama, nimekosa."

Elinipendo alilitazama lile sale. "Umelikata wapi?"

"Pale chini. Mpakani."

Alitaka kulitupa jikoni liungue. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, kwamba kwa muda mfupi alimchukia mwanawe na alimchukia Mzee Aikaeli na desturi yake yote. Lakini alizaliwa huku. Bibi yake alipokea sale kutoka kwa mtu aliyemuulia mume. Akanyoosha mikono yenye utomvu wa ndizi akalipokea.

"Nimekusamehe."

Na alimsamehe kweli, usifikiri yalikuwa maneno ya mdomoni. Isack alilia akiwa amepiga magoti, naye akamshika kichwa kama zamani. Siku ya Krismasi alimbeba Evelyn mpaka madhabahuni, akaimba, akagawa mtori kwa watu sabini. Sote tukasema afadhali, yamekwisha. Hatukujua kwamba hasira kwa Isack ndiyo iliyokuwa inamsaidia. Ilipoondoka alibaki na jambo moja tu, kwamba ni yeye aliyepanda.

Asubuhi ya siku iliyofuata, wageni bado wamelala, Winfrida alisikia jembe likigonga. Akateremka, akapiga ukelele uliotuamsha nusu ya kijiji.

"Elinipendo! Unang'oa sale!"

"Nililipanda mimi," Elinipendo akajibu, na hakusimama.

Tulikusanyika huku juu. Hakuna aliyethubutu kumkaribia, na akina mama wengine waliwafunika watoto macho. Isack akaja mbio, shati halijafungwa vifungo, ameshika simu.

"Mama, acha! Huo ndio mpaka! Yule bwana akija nitamwonyesha nini?"

Elinipendo akaegemea mpini wa jembe, akapumua. "Sale linalinda kilichomo ndani. Nionyeshe kilichomo."

Isack akatazama chini. Kulikuwa na visiki, lundo la kokoto, na msingi wenye maji machafu. Ng'ambo yake mlima ulikuwa wazi, Kibo yote na theluji yake kidogo iliyobaki, kama ambavyo haijawahi kuonekana kutoka pale tangu kijiji kiwe kijiji. Akaitia simu mfukoni.

"Mwakani Evelyn ataanza kutembea," mama yake akasema. "Atakuja hapa atauliza haya masale ni ya nini. Sitaki ajibiwe kama ulivyojibiwa wewe."

Akaendelea. Ilimchukua mpaka saa sita mchana, kwa sababu sale la miaka zaidi ya kumi na miwili lina mizizi, na hakukubali kusaidiwa. Aliyapanga juu ya mwamba ili yasishike tena udongo. La mwisho lilikuwa lile ambalo Isack alilikata. Chini ya jeraha, pembeni, palikuwa na chipukizi bichi. Alilishika hilo muda mrefu kuliko mengine yote, akiligusagusa kwa kidole gumba. Kisha akainua jembe, akaling'oa na hilo pia.